Kama siku zangu ziliandikwa, anayechagua ni nani?

"Bwana asifiwe, Mwalimu. Nina miaka 31. Babu yangu mzaa baba alikuwa mlevi, akawatelekeza watoto wake. Baba alifuata njia hiyo hiyo. Nilipokuwa na miaka tisa aliondoka nyumbani na hakurudi. Niliapa kwamba mimi sitaonja pombe, nikaanza nikiwa na miaka 20. Miaka minne iliyopita niliokoka nikaacha kabisa, lakini tangu mwaka jana nimerudi kunywa kwa siri, na sasa ni karibu kila usiku. Mhubiri mmoja ameniambia nimefungwa na laana ya ukoo, kwamba anayekunywa si mimi bali ni roho iliyo katika damu yetu. Mwingine alinisomea Zaburi 139:16, akasema siku zangu zote ziliandikwa kabla sijazaliwa, nisihangaike. Nimekaa na maneno hayo mawili hadi nimechoka. Kama yaliandikwa, nikiomba naomba nini? Kama ni roho ya ukoo, aliyetubu ni nani na anayekunywa ni nani? Na nikishinda, nitakuwa nimeshinda mimi au ni Mungu alikuwa amepanga? Nina mchumba, tunatarajia kufunga ndoa mwishoni mwa mwaka, naye hajui lolote. Nafikiria kumwacha asije akaingia katika hatima yangu. Nijibu kama unavyoamini, usinifariji tu."

Ndugu yangu, nitakujibu kwa ninayoyaamini na kwa yale ambayo Kanisa limeyapima kwa karne nyingi. Ila kuna jambo la mwili ambalo haliwezi kungoja. Unakunywa karibu kila usiku, kwa hiyo usikate pombe ghafla ukiwa peke yako kwa sababu umesoma jibu langu ukaguswa. Mtu ambaye mwili wake umezoea pombe nyingi akiiacha ghafla anaweza kutetemeka, kutokwa na jasho, kuona au kusikia visivyokuwepo, na wengine hupatwa na degedege katika siku mbili tatu za mwanzo. Hali hiyo inaweza kuua, na inatibika. Nenda kwa daktari wiki hii, mtajie kiasi halisi unachokunywa bila kukipunguza, akupangie namna ya kuacha. Kufanya hivyo si upungufu wa imani, na sababu yake utaiona hapa chini.

Sasa swali lako. Naona ndani yake maswali matatu yaliyofungwa pamoja. Unauliza kama mpango wa Mungu unayafanya maamuzi yako kuwa maigizo. Unauliza kama damu ya babu na baba imeshakuamulia. La tatu umeligusa kwa maneno machache, lakini nadhani ndilo linalokunyima usingizi: kati ya yule aliyetubu na yule anayekunywa, wewe ni yupi? Wahubiri wako wanaonekana kupingana, ila majibu yao yanakutana. Mmoja amesema roho ya ukoo ndiyo inayotenda, mwingine amesema kilichoandikwa ndicho kinachotenda. Wote wawili wamekuondoa wewe. Hapo ndipo ninapokataa, na sikatai kwa kupenda kwangu tu. Imani ya Kikristo, pamoja na mabishano yake yote ya ndani, haikubali kukuondoa.

Nianze na yaliyoandikwa. Kuna imani ya kale kuliko Ukristo inayosema kwamba mwisho wa mtu umeshapangwa na utamfika afanye asifanye. Wanafalsafa wa Ugiriki waliijadili kwa habari ya mgonjwa: kama umeandikiwa kupona, utapona umwite tabibu usimwite; kama umeandikiwa kufa, utakufa umwite usimwite; basi ya nini kumwita? Waliiita hoja ya mvivu. Chrysippus, mmoja wa wakuu wa Wastoa, kundi mojawapo la wanafalsafa hao, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alijibu kwamba ikiwa kupona kumepangwa, basi na kumwita tabibu kumepangwa pamoja nako. Huwezi kushika mwisho ukaitupa njia. Na huyo alikuwa mtu aliyeamini majaliwa kwelikweli. Hilo neno "usihangaike" uliloambiwa ni hoja ya mvivu iliyovishwa mstari wa Biblia.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 27, na uisome polepole. Paulo ni mfungwa anayepelekwa Roma kwa merikebu. Dhoruba imewashika siku nyingi, hawaoni jua wala nyota, na matumaini ya kuokoka yamekwisha. Usiku malaika anamwambia Paulo kwamba Mungu amempa wote wasafirio pamoja naye. Hakuna hata mmoja atakayepoteza maisha. Ahadi imetoka, na haina sharti lolote. Siku chache baadaye mabaharia wanateremsha mashua kwa siri, wakijifanya wanakwenda kutia nanga upande wa mbele, kumbe wanataka kutoroka. Paulo anamgeukia akida na askari na kuwaambia kwamba watu hawa wasipobaki merikebuni, ninyi hamwezi kuokoka. Askari wanakata kamba za mashua na kuiacha ianguke.

Kama Paulo angeamini kama ulivyofundishwa, angelala. Ahadi si ilishatolewa? Lakini yeye aliona kwamba ahadi ile ilikuwa na mabaharia ndani yake, ilikuwa na visu vya askari ndani yake, ilikuwa hata na chakula, maana muda mfupi baadaye aliwasihi watu waliokaa siku 14 bila kula wapate kitu kwa ajili ya kuokoka kwao. Walikuwa watu 276, na wote walifika pwani, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao. Majaliwa hupita kando ya mtu, hayajali anachofanya. Maongozi ya Mungu hupita ndani ya anachofanya mtu. Ndiyo maana nimekutuma kwa daktari kabla sijakufungulia Biblia: sijui kwa nini mpango wa Mungu juu yako usiwe na daktari ndani yake.

Kuna kisa kingine ambacho hakihubiriwi sana, katika 1 Samweli 23. Daudi yuko katika mji wa Keila, anamwuliza Mungu: Sauli atashuka? Atashuka. Watu wa Keila watanitia mkononi mwake? Watakutia. Daudi anaondoka na watu wake, Sauli anapata habari, anaacha kwenda. Mungu alisema jambo litatokea, na halikutokea, kwa sababu aliyeambiwa alisikia akafanya uamuzi. Vivyo hivyo Ninawi ilipewa siku 40, ikatubu, ikabaki. Mara nyingi katika Maandiko neno kuhusu kesho huletwa ili liitikiwe leo.

Na Zaburi 139? Ni kweli imeandikwa: "Chuoni mwako ziliandikwa zote pia, siku zilizoamriwa kabla hazijawa bado." Lakini usiishie mstari wa 16. Mtu huyo huyo anayekiri kwamba siku zake zimeandikwa anamaliza kwa kumwomba Mungu amchunguze, aujue moyo wake, amwonyeshe kama kuna njia mbaya ndani yake, na kumwongoza katika njia ya milele. Anaomba kuongozwa! Hakuona mgongano wowote. Kwake yeye kuandikwa kwa siku zake kulikuwa sababu ya kumwamini anayemwongoza. Zaburi ile ni sala, na aliyekusomea mstari mmoja akakutuma nyumbani ukapumzike alikukatia sala katikati.

Utasema: sawa, lakini Mungu anajua tayari kama kesho usiku nitakunywa. Akijua, naweza kuacha? Swali hili lilimsumbua Boethius, mwanafalsafa Mkristo aliyeandika akiwa kifungoni akingoja kuuawa, karibu mwaka 524. Jibu lake ni kwamba Mungu hatazami mbele kama sisi tunavyobashiri. Umilele wake unashika nyakati zote kwa pamoja, na kesho yako iko wazi kwake kama sasa ilivyo wazi kwako. Ukimwona mtu anatembea barabarani, ni lazima awe anatembea, la sivyo usingemwona. Lakini macho yako hayajaisukuma miguu yake. Kujua hakulazimishi. Naona jibu hili lina nguvu, ila linafika nusu ya safari. Linatuambia kwamba ujuzi wa Mungu haukufungi. Halituambii kama Mungu anajua tu, au anaamua pia. Na hapo ndipo Wakristo wameachana njia, nami nisingekuwa mkweli nikikuambia wana jibu moja.

Mwanzoni mwa karne ya 5 mwalimu mmoja wa Kikristo, Pelagius, alifundisha kwamba mwanadamu anaweza kumtii Mungu kwa uwezo wa asili yake, akiamua. Augustine, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alimpinga, na mtaguso (baraza la maaskofu) wa Carthage wa mwaka 418 ukaukataa mtazamo huo: bila neema, hiari yetu haifiki. Mwaka 529 mtaguso wa Orange ulikwenda mbele ukasema kwamba hata hamu ya kuamini huanzishwa na neema. Lakini mtaguso huo huo ulilaani fundisho kwamba Mungu amempangia mtu yeyote uovu. Weka hilo moyoni, maana mambo haya mawili yalisemwa kwa pumzi moja.

Karne 10 baadaye ugomvi uliwaka upya. Erasmus, msomi Mkatoliki, aliandika kutetea hiari mwaka 1524, na Martin Luther, kiongozi wa mageuzi ya Kiprotestanti, akamjibu mwaka uliofuata kwamba katika habari ya wokovu nia yetu ni mtumwa. Hata hivyo Luther mwenyewe alikubali kwamba katika mambo yaliyo chini yetu, kama mali na nyumba, tunachagua. Wafuasi wa Calvin na wafuasi wa Arminius, walimu wawili wa Kiprotestanti, walikutana katika sinodi (mkutano mkuu wa kanisa) ya Dort, Uholanzi, mwaka 1618 na 1619, na wa Arminius wakashindwa. Wao walisema Mungu huwachagua wale aliojua kwamba wataamini, na neema yake inaweza kukataliwa. Dort ikasema Mungu huchagua kwa mapenzi yake tu, na neema yake haishindwi. Lakini sinodi hiyo ambayo watu wengi huiona kuwa kali kuliko zote iliandika pia kwamba neema haiwatendei watu kama magogo na mawe, wala haiiondoi nia yao. Wakatoliki walishasema katika mtaguso wao wa Trento mwaka 1547 kwamba hiari inayoguswa na Mungu hushirikiana naye na inaweza kumkataa; kisha wakabishana wao kwa wao juu ya namna, hadi Papa Paulo V alipoufunga mjadala mwaka 1607 bila kutoa hukumu, akikataza pande mbili zisilaaniane.

Umeniuliza ninavyoamini. Mimi nasimama pamoja na John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti: neema huanza, neema humpa mtu uwezo wa kuitika, na mtu anaweza kuikataa. Naamini hivyo kwa sababu ya kilio cha Yesu juu ya Yerusalemu katika Mathayo 23:37, ambapo yeye alitaka na wao hawakutaka, na kwa sababu ya 1 Timotheo 2:4, inayosema Mungu hutaka watu wote waokolewe. Siwezi kukuficha kwamba Warumi 9, inayosema Mungu humrehemu amtakaye, inanilemea, na ndugu zangu wa upande wa Calvin wanaisoma kwa urahisi kuliko mimi. Huenda kanisa lako liko upande wao. Hilo lisikutie hofu. Katika pande zote hizo hutampata mwalimu wa kuaminika anayesema kwamba unakunywa kwa sababu Mungu amekuandikia unywe. Yakobo 1:13 imeufunga mlango huo: mtu akijaribiwa asiseme kwamba anajaribiwa na Mungu.

Kuhusu ukoo. Mstari unaotumika ni Kutoka 20:5, kwamba Mungu huwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Wanaoutumia huacha neno la mwisho, "cha wanichukiao", na huacha mstari wa sita, unaosema anawarehemu maelfu elfu wampendao na kuzishika amri zake. Israeli yenyewe iliugeuza mstari huo kuwa kisingizio. Kule uhamishoni walikuwa na mithali kwamba baba wamekula zabibu mbichi, meno ya watoto yakatiwa ganzi. Ezekieli sura ya 18 nzima iliandikwa kuivunja mithali hiyo. Inamtaja mtu mwema, kisha mwanawe mwovu, kisha mjukuu anayeziona dhambi zote za baba yake, anaogopa, hafanyi kama yeye. Huyo mjukuu, asema nabii, hatakufa kwa uovu wa baba yake. Kisha tazama nasaba ya wafalme wa Yuda: Ahazi mwovu akamzaa Hezekia mwema, Hezekia akamzaa Manase aliyejaza Yerusalemu damu, naye Manase alitubu baadaye, Manase akamzaa Amoni ambaye hakutubu, Amoni akamzaa Yosia aliyeitengeneza upya ibada ya Yuda. Ni damu moja, vizazi vitano.

Hata hivyo sitakuambia kwamba ukoo si kitu. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika hatari ya kuwa mraibu wa pombe hutokana na urithi. Elewa kipimo hicho kinapima nini. Kinapima tofauti katika kundi la watu. Hakisemi kwamba nusu yako imeshaamuliwa. Kinamaanisha kwamba glasi ambayo rafiki yako anaweza kuiacha mezani, wewe unaweza usiweze. Juu ya hapo uliona nyumbani jinsi mtu mzima anavyomaliza huzuni kwa chupa, na mtoto hujifunza kwa macho. Huo ni mzigo halisi, na mwenye mzigo mzito hapaswi kujilinganisha na asiye nao. Lakini mzigo hubebwa na mtu. Wewe upo, chini yake.

Hapo tumefika kwenye swali lako la tatu. Mhubiri wa kwanza amekuambia anayekunywa si wewe. Najua atakuwa na mstari, Warumi 7:17, ambapo Paulo anasema si yeye atendaye, bali ni dhambi ikaayo ndani yake. Soma hadi mwisho wa sura. Paulo hakutumia maneno hayo kujivua lawama, mistari michache mbele analia, "Ole wangu, maskini mimi!" Hakulia juu ya roho fulani, alilia juu yake mwenyewe.

Augustine aliijua hali hii kwa uzoefu. Kabla ya kuongoka alikuwa miaka kama tisa katika dini ya Mani, iliyofundisha kwamba uovu ndani ya mtu ni asili nyingine, ya giza, isiyo yeye. Fundisho hilo linafariji sana, kwa sababu kila unapoanguka kuna mwingine wa kulaumiwa. Alipokuwa Milano mwaka 386, akitaka kubadilika na hataki, aliona ndani yake nia mbili zikivutana. Mtu wa dini ya Mani angesema ni watu wawili. Augustine alikataa. Aliandika kwamba aliyetaka alikuwa yeye, na asiyetaka alikuwa yeye. Naliona hilo kuwa neno gumu na lenye rehema kuliko mengi niliyowahi kusoma juu ya dhambi, kwa sababu kama anayekunywa ni mwingine, hakuna wa kusamehewa wala wa kuponywa. Kinachosamehewa ni lazima kiwe changu kwanza.

Basi je, ninyi nyote wawili ni sawa, mwenye kutubu na mwenye kunywa? Hapana. Mwanafalsafa Mmarekani Harry Frankfurt alitoa mwaka 1971 maelezo ambayo yanaweza kukusaidia. Alisema kinachomfanya mtu kuwa nafsi ni kwamba, zaidi ya kuwa na tamaa, anaweza kuwa na nia juu ya tamaa zake mwenyewe: anatamani kulewa, na hataki kuwa mtu anayetamani hivyo. Aliwaelezea waraibu wawili. Mmoja anatumia na hajali. Mwingine anatumia huku anaichukia tamaa yake, amesimama upande wa kuacha hata anaposhindwa. Kwa nje wanafanana. Ndani wametofautiana sana, kwa sababu wa pili amekwisha kuchagua upande wake, ingawa hajapata nguvu ya kuufuata. Barua yako imeandikwa na huyo wa pili. Kunywa ni kwako, unalibeba kama deni lako; lakini umesimama upande wa yule aliyetubu.

Sasa ukishinda, nani ameshinda? Unauliza kana kwamba kazi ni moja na wafanyakazi ni wawili, mmoja akifanya zaidi mwingine anafanya pungufu. Hapa Kanisa lina hazina ambayo waumini wengi hawajawahi kuonyeshwa. Katika karne ya 7 waliinuka viongozi waliofundisha kwamba ndani ya Yesu kulikuwa na nia moja tu, ya kimungu. Ilionekana kuwa njia ya heshima: Yesu ni mkamilifu, basi nia ya kibinadamu ya nini? Maximus, mtawa anayejulikana kama Muungama, alikataa. Aliishika sala ya Gethsemane, "si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe", akasema hapo kuna nia ya mwanadamu kweli, inayoogopa kifo kweli, na inayokubali kweli. Kwa kukataa kwake alikatwa ulimi na mkono wa kulia, akafa uhamishoni mwaka 662. Mwaka 680 na 681 mtaguso wa tatu wa Konstantinopoli ulimpa haki: Kristo ana nia mbili, ya kimungu na ya kibinadamu, na ile ya kibinadamu haikumezwa.

Fikiri maana yake kwako. Mahali ambapo Mungu na mwanadamu wameungana kuliko mahali pengine popote, nia ya mwanadamu haikufutwa. Kama haikufutwa kwa Yesu, Mungu hana haja ya kuifuta yako ili afanye kazi ndani yako. Ndiyo maana Paulo anaweza kuwaambia Wafilipi wautimize wokovu wao wenyewe kwa kuogopa na kutetemeka, kisha papo hapo atoe sababu: "kwa maana ndiye Mungu atendaye kazi ndani yenu, kutaka kwenu na kutenda kwenu." Kutaka ni kwenu, na Mungu yumo. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, alilieleza hivi: Mungu ni chanzo cha kwanza, sisi ni vyanzo vya pili, na tendo moja hutoka lote kwa wote wawili, kila mmoja kwa namna yake. Siku utakayopita usiku mzima bila kunywa, utakuwa wewe mzima uliyekataa, na itakuwa neema nzima.

Na nikiomba naomba nini? Unaomba hicho hicho: kutaka na kutenda. Unaomba pia msaada unaokuja kwa mikono ya watu.

Kuna kilichobaki kigumu na sitakificha. Wapo walioomba kwa machozi kuondolewa uraibu na wamekufa nao. Sina maelezo ya kwa nini huyu alisaidiwa na yule akachelewa. Yesu mwenyewe, alipoletewa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, aliwataja pia watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akakataa kusema walikuwa wabaya kuliko wengine, akawageuzia swali waliomletea habari. Mtu akikupa maelezo kamili ya mateso ya ukoo wako, hasa maelezo yanayohitaji ulipe fedha ili ufunguliwe, au uache dawa, ondoka hapo.

Tafuta pia watu wanaopambana na jambo hili hili. Vikundi vya Alcoholics Anonymous, vilivyoanza mjini Akron, Marekani, mwaka 1935, vina hatua 12. Ya kwanza ni kukiri kwamba huna nguvu mbele ya pombe. Ya tatu ni kufanya uamuzi wa kumkabidhi Mungu nia yako na maisha yako. Aliyekiri hana nguvu anatakiwa kufanya uamuzi, na maelfu ya watu wameishi ndani ya mambo hayo mawili bila kungoja wanateolojia wamalize ubishi. Kama hakuna kikundi karibu nawe, mshauri wa masuala ya uraibu na mchungaji mmoja unayemwamini ni mwanzo unaotosha, mradi wajue ukweli wote na waonane nawe ana kwa ana mara kwa mara. Mambo haya hayaponi kwa barua.

Na kama uchovu ulioutaja umefika mahali pa kuona heri usingekuwepo, au ukianza kuwaza kujidhuru, hilo si la kusubiri miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe saa hiyo hiyo, uende hospitali siku hiyo hiyo. Fanya vivyo hivyo ukiona mwili unatetemeka au akili inachanganyikiwa baada ya kukosa pombe. Tena, kama mawazo ya kuwa umeandikiwa kupotea yanarudi usiku na mchana hata unapoyapinga, yanakulazimisha kurudia toba ile ile mara nyingi bila kupata amani, mwambie daktari jambo hilo pia. Kuna wasiwasi wa namna hiyo ambao ni ugonjwa na una tiba.

Mchumba wako nimemweka mwisho kwa sababu nataka umfikirie ukiwa umeshaelewa haya mengine. Unasema umwache asije akaingia katika hatima yako. Ukifanya hivyo kimya kimya utakuwa umemtendea kile kile unachokiogopa wewe: kuamuliwa maisha na mtu asiyekuuliza. Yeye naye ana hiari, na hawezi kuitumia juu ya jambo asilolijua. Ushauri wangu ni kwamba uahirishe harusi, usiuvunje uchumba, na umweleze kila kitu, pamoja na siri yenyewe, maana kufichwa kunaweza kumuumiza kuliko pombe. Usimwombe akuahidi chochote siku hiyo. Mpe muda wa kuuliza, kulia, hata kukasirika, na mkikubaliana nendeni pamoja kwa mshauri. Akiamua kuondoka, atakuwa ametumia haki yake. Akibaki, atabaki akijua anabaki na nani. Daktari ni wiki hii. Mchumba wako asingoje zaidi ya mwezi huu.